Spika Aliyekataa Kushuka Kitini

Alasiri ya Jumanne, 22 Julai 2008, wabunge watatu wa BJP, chama cha siasa za Kihindu kilichokuwa upinzani, walisogea katikati ya ukumbi wa Lok Sabha, baraza la chini la Bunge la India, wakafungua mabegi na kuanza kupanga mabunda ya noti juu ya meza ya makatibu. Rupia milioni 10 taslimu. Walidai kwamba hicho kilikuwa kianzio tu, wamepewa ili siku hiyo wasipige kura ya kuiangusha serikali. Kamera za televisheni ya Bunge zilikuwa zinarusha kila kitu moja kwa moja. Ukumbi ukageuka soko, kikao kikaahirishwa.

Aliyetakiwa kulirudisha Bunge kwenye mstari na kuhakikisha kura inapigwa kabla siku haijaisha alikuwa Spika Somnath Chatterjee, mkomunisti mwenye sauti ya radi, zikiwa zimebaki siku tatu atimize miaka 79. Kura ikapigwa. Serikali ya Waziri Mkuu Manmohan Singh ikapona kwa 275 dhidi ya 256. Kesho yake chama cha Spika huyo kikamfukuza uanachama baada ya miaka 40.

Kila anapotajwa, watu huanza na hesabu: mbunge mara kumi, kutoka 1971 hadi 2009, na katikati alishindwa mara moja tu. Hesabu hiyo ni sahihi na inastahili heshima yake. Ila kwa maoni yangu ubunge wote ule, maswali yote aliyouliza na hotuba zote alizotoa, thamani yake ilikuja kupimwa ndani ya wiki mbili za Julai 2008, na ilipimwa kwa jambo moja: kukaa kwenye kiti alichoambiwa ashuke.

Tuanze na nyumbani kwao, maana hapo pana kichekesho. Baba yake, Nirmal Chandra Chatterjee, alikuwa wakili mkubwa wa Calcutta na rais wa Hindu Mahasabha, chama cha siasa kali za Kihindu. Ukiambiwa utafute nyumba ambayo haiwezi kuzaa mkomunisti, ungeanzia hiyo. Lakini mzee yule alikuwa na upande wa pili. Mwaka 1948 serikali ilipokipiga marufuku chama cha Kikomunisti na kuwatia ndani viongozi wake, akiwemo Jyoti Basu, Nirmal Chandra alishiriki kuunda umoja wa kutetea haki za raia na kudai waachiwe. Hakuwapenda kwa siasa zao. Aliona tu kwamba kumfunga mtu bila kesi ni kosa, awe nani. Urafiki wa nyumba ile na Jyoti Basu ulianzia hapo, na kijana Somnath alikulia ndani yake.

Alizaliwa Tezpur, Assam, 25 Julai 1929. Akasoma Presidency College pale Calcutta, akaenda Cambridge, akapata uwakili London katika Middle Temple, akarudi kufanya kazi Mahakama Kuu ya Calcutta. Alijiunga na CPI(M), chama cha Kikomunisti cha mrengo wa Marx, mwaka 1968, akiwa mtu mzima mwenye kazi yake na jina lake. Mwaka 1971 aligombea Burdwan, kiti alichokuwa akikikalia baba yake, akiungwa mkono na CPI(M). Akashinda. Kwa hiyo ndiyo, alirithi. Siasa za India zimejaa warithi na yeye ni mmoja wao, tofauti ikiwa kwamba alirithi kiti bila kurithi itikadi.

Mwaka 1977 na 1980 alishinda Jadavpur, pembezoni mwa Calcutta, eneo lililojaa wakimbizi waliotoka Bengal ya Mashariki na lililohesabiwa kuwa ngome nyekundu. Halafu ikaja Desemba 1984. Waziri Mkuu Indira Gandhi alikuwa ameuawa miezi miwili nyuma na nchi nzima ilikuwa inakipa chama chake, Congress, kura za rambirambi. Congress ilimsimamisha Jadavpur msichana wa miaka 29 ambaye nje ya siasa za wanafunzi na vijana hakuna aliyekuwa anamjua. Akamwangusha wakili mashuhuri, mbunge wa vipindi vitatu. Msichana huyo aliitwa Mamata Banerjee, yule yule ambaye mwaka 2011 aliwaondoa wakomunisti madarakani katika jimbo la Bengal Magharibi baada ya miaka 34. Chatterjee ndiye aliyelipa ada ya kwanza.

Chama hakikumwacha benchi muda mrefu. Mwaka 1985 kilimpeleka Bolpur kwenye uchaguzi mdogo, akamshinda Siddhartha Shankar Ray, waziri mkuu wa zamani wa jimbo na jina zito kuliko lake. Bolpur ni mji wa Santiniketan, alikoanzisha chuo chake Rabindranath Tagore. Vijiji vya wakulima pande zote, wanazuoni katikati. Hakushindwa tena. Kuanzia 1989 hadi 2004 alikuwa kiongozi wa wabunge wa CPI(M) katika Lok Sabha, na mwaka 1996 alipewa tuzo ya mbunge bora wa India. Wengi waliompinga walimwita Somnath-da, kaka Somnath, kama wanavyoitana Wabengali.

Kuna kipindi kimoja hapo katikati ambacho watetezi wake hukipita haraka. Katika miaka ya 1990 serikali ya jimbo, iliyoongozwa na Jyoti Basu, ilimpa uenyekiti wa shirika la maendeleo ya viwanda la Bengal Magharibi. Mkomunisti akawa anazunguka kutafuta wawekezaji, akisaini MoU, yaani hati za makubaliano, moja baada ya nyingine, viwanda vyenyewe vikawa vichache. Waandishi wakampachika jina la MoU-da. Nalitaja kwa sababu linaonyesha aina ya mkomunisti aliyekuwa: hakuwa mtu wa vitabu vitakatifu. Alipopewa kazi, aliitazama kazi inataka nini, siyo aya ipi inasema nini. Chama kilimjua hivyo na kilimtumia hivyo hivyo.

Juni 2004, baada ya uchaguzi ulioiingiza madarakani serikali ya Congress na washirika wake, wabunge 59 wa mrengo wa kushoto waliamua kuiunga mkono kutoka nje bila kuchukua uwaziri. Katika mpango huo Chatterjee alipewa uspika. Tarehe 4 Juni alichaguliwa bila kupingwa, mkomunisti wa kwanza kukalia kiti kile.

Hakuwa spika mpole. Alifoka, aliwatimua watu ukumbini, aliamuru maneno ya wapiga kelele yasiingie kwenye kumbukumbu rasmi. Februari 2009, Bunge likielekea ukingoni, aliwaambia wabunge waliokuwa wakimpigia kelele kwamba hawastahili hata paisa moja ya fedha za umma na kwamba anaomba wote washindwe kwenye uchaguzi. Nimeitazama klipu hiyo zaidi ya mara moja, nakiri kwa raha isiyo ya kiungwana. Uso umemwiva, kidole kinatetemeka, na wale wanaotukanwa wanaendelea kupiga kelele kana kwamba anazungumza na ukuta.

Kazi yake kubwa ya uspika, ukiacha ile ya Julai 2008, ilikuwa Desemba 2005. Waandishi wa Cobrapost, tovuti ya habari za uchunguzi, walijifanya wawakilishi wa chama cha wenye viwanda vidogo, chama ambacho hakipo, wakawaendea wabunge na kamera za siri. Walitaka maswali yaulizwe bungeni kwa niaba ya "wanachama" wao, kwa malipo. Wabunge kumi na mmoja walipokea, kumi wa Lok Sabha na mmoja wa baraza la juu. Wa bei rahisi kabisa alichukua rupia 15,000. Sita walitoka BJP, watatu BSP, mmoja Congress, mmoja RJD. Filamu ilirushwa hewani tarehe 12. Chatterjee akawaambia wahusika wasikanyage ukumbini, akaunda kamati ya wabunge watano, akaipa siku chache. Tarehe 23, siku kumi na moja tangu kashfa ilipolipuka, wote walikuwa wamevuliwa ubunge.

Waliofukuzwa walikwenda mahakamani. Mahakama ya Juu ikamwandikia Spika ajibu, naye akaitisha viongozi wa vyama vyote na kwa pamoja wakakubaliana asijibu: mambo ya ndani ya Bunge ni ya Bunge. Januari 2007 majaji wakaamua kwamba Bunge lina mamlaka ya kumfukuza mbunge, isipokuwa mahakama nayo ina haki ya kuangalia limefanyaje. Kila upande ukaondoka na chake.

Hapo ndipo ninapoachana naye kidogo. Hilo la mipaka ya Bunge na mahakama lilimpa kiburi ambacho si mara zote kilikuwa na haki. Machi 2005 kule Jharkhand gavana alimwapisha waziri mkuu wa jimbo ambaye kwa mahesabu yote hakuwa na wingi wa wabunge. Mahakama ya Juu ikaamuru kura ya imani ifanyike haraka na irekodiwe. Spika Chatterjee akalalamika kwamba majaji wamevuka uzio wa kutunga sheria. Wamevuka, sawa. Lakini waziri mkuu yule alijiuzulu baada ya kuona hesabu hazitoshi, na bila amri ile angepata muda wa kuwanunua waliopungua. Mwanasheria wa kiwango chake alipaswa kuukasirikia zaidi ule ujanja wa gavana.

Televisheni ya Lok Sabha nayo ni ya enzi zake. Ilianza Julai 2006, chaneli iliyomilikiwa na Bunge lenyewe, si shirika la serikali. Hoja yake ilikuwa rahisi: mwananchi aone mbunge wake anafanya nini na mshahara wake. Sisi Tanzania, Januari 2016, tuliambiwa kurusha Bunge moja kwa moja ni gharama. Sitalipigia kelele hilo leo.

Sasa turudi Julai 2008. Serikali ya Manmohan Singh ilikuwa imeamua kuukamilisha mkataba wa nyuklia wa kiraia na Marekani. Wakomunisti waliupinga tangu mwanzo. Waliona India inafungwa mkia wa Washington. Tarehe 8 Julai wakatangaza kuondoa uungaji mkono wao, kisha wakampelekea Rais Pratibha Patil orodha ya wabunge wao wanaojitoa. Kwenye orodha hiyo wakaandika na jina la Somnath Chatterjee.

Ukitaka kuelewa ugomvi wote, kaa na orodha hiyo kwa muda. Hakuna aliyemuuliza. Kwa chama, alikuwa mbunge wa kambi ya kushoto kama wengine 58, na kama kambi inahama, anahama na kambi. Kwa yeye, tangu siku alipochaguliwa na Bunge zima hakuwa tena wa kuhesabiwa kwenye kambi yoyote. Katibu Mkuu wa chama, Prakash Karat, alitaka ajiuzulu uspika, ashuke akae na wenzake, apige kura ya kuiangusha serikali. Kulikuwa na jambo jingine lililomkera: kura hiyo ingempanga mstari mmoja na BJP. Mtoto wa rais wa Hindu Mahasabha, baada ya miaka 40 ya siasa nyekundu, aambiwe astaafu kwa kupiga kura pamoja na wale baba yake angewaita ndugu zake. Alikataa.

Siku ya kura yenyewe wabunge waliokuwa gerezani waliletwa kupiga kura, wagonjwa walisaidiwa kuingia, na mabunda yale ya noti yakaja kuonyeshwa hadharani. Kama kuna siku Bunge la India lilihitaji mtu kitini ambaye pande zote mbili zinajua hawezi kupokea simu ya kiongozi wake wa chama, ilikuwa siku ile. Na aliyekuwepo alikuwa mtu ambaye simu hiyo alikuwa tayari ameikataa.

Politburo, kamati ya juu ya uongozi wa chama, ilikutana kesho yake, 23 Julai, ikamfukuza mara moja kwa kuvunja maadili ya chama. Hakuitwa kujieleza.

Napenda kukipa chama haki yake, kwa sababu makala nyingi za kumsifu mzee huyu hazifanyi hivyo. Kiti kile kilikuwa sehemu ya mapatano ya 2004. Chatterjee hakukiokota njiani. Chama chake kilikuwa na wabunge 43 na hao ndio waliomwezesha. CPI(M) ni chama ambacho mtu anaingia akijua kwamba akishapinga ndani ya kikao na kushindwa, atatekeleza. Na alikuwa na mfano mbele ya macho yake. Mwaka 1996 vyama vya muungano vilimtaka Jyoti Basu awe Waziri Mkuu wa India. Waziri Mkuu! Kamati Kuu ya chama ikakataa. Basu alitii. Baadaye alisema hadharani kwamba uamuzi ule ulikuwa kosa la kihistoria, lakini hakuondoka wala hakwenda kinyume. Kama mzee mwenyewe, aliyekaribia kuiongoza nchi nzima, aliinamisha kichwa, Spika ni nani asiiname?

Jibu langu ni kwamba hivyo ni vitu viwili tofauti. Uwaziri mkuu aliokosa Basu ulikuwa bado haujawa wake. Chama kilimzuia asichukue. Uspika wa Chatterjee ulikuwa umeshakuwa mali ya watu wengine, wale wabunge mia tano na zaidi waliomchagua bila mtu kupinga, BJP wakiwemo. Chama kinaweza kukusimamisha ugombee. Hakiwezi kukurudisha nyumbani kutoka kwenye kazi ambayo wapinzani wako nao walikukabidhi kwa imani.

Tulikuwa na kisa chetu chenye harufu hiyo. Job Ndugai alipojiuzulu uspika tarehe 6 Januari 2022, baada ya maneno yake kuhusu mikopo ya serikali kuzua tafrani, taarifa yake ilisema kwamba amemwandikia barua Katibu Mkuu wa CCM. Wanasheria walibishana siku kadhaa kama barua hiyo ilifika kwa mtu sahihi. Sheria tuiache, mimi kilichonigusa ni kwamba ilionekana kawaida kabisa. Na Chatterjee asingeweza kufanya alichofanya chini ya Katiba yetu: ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge umekwisha. Kwa India, kufukuzwa na chama hakumnyang'anyi mtu kiti chake. Aliamka 24 Julai bila kadi ya chama, akiwa bado mbunge wa Bolpur na bado Spika. Akamaliza muda wake hadi 2009 na hakugombea tena.

Chama kwa upande wake kiliporomoka. Kutoka viti 43 kikaenda 16 mwaka 2009, kisha 9, kisha 3. Sitasema ni kwa sababu ya Chatterjee. Singur na Nandigram, ambako serikali ya jimbo iligombana na wakulima kuhusu ardhi ya viwanda, ndiko kulikowamaliza Bengal. Lakini uongozi uliomfukuza bila kumsikiliza ndio huo huo ulioshindwa kuwasikiliza wakulima, na sioni kama ni bahati mbaya.

Alifariki Kolkata, jina jipya la Calcutta, tarehe 13 Agosti 2018. Viongozi wa chama walikuja. Familia ilikataa mwili ufunikwe bendera nyekundu. Mwili ulipelekwa Mahakama Kuu alikoanzia kazi, ukapelekwa bunge la jimbo ukapigiwa mizinga ya heshima kwa amri ya serikali ya Mamata Banerjee, yule msichana wa Jadavpur, kisha ukakabidhiwa hospitali ya SSKM kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari, kama alivyofanya Jyoti Basu kabla yake.

Baada ya kufukuzwa alitoa ushauri mmoja ambao kwangu una uzito kuliko yote aliyosema kwa hasira kitini: kila atakayechaguliwa Spika ajitoe kwenye chama chake kwa muda wote wa kazi hiyo. Haikuwa ndoto. Neelam Sanjiva Reddy alifanya hivyo mwaka 1967, akajiuzulu Congress alipokuwa Spika. Na sheria ya 1985 dhidi ya wabunge wanaohama vyama ilimwekea Spika msamaha maalumu, kwamba akiacha chama kwa ajili ya kiti hapotezi ubunge, na akimaliza anaruhusiwa kurudi.

Waliomfuata ni Meira Kumar wa Congress, Sumitra Mahajan wa BJP na Om Birla wa BJP. Wote walibaki na kadi zao. Birla aligombea tena Kota mwaka 2024 kwa tiketi ya chama chake, akashinda, na Juni mwaka huo akarudishwa kitini kwa kura ya sauti huku upinzani, tofauti na ule wa 2004, ukiwa umesimamisha mgombea wake.